Mke wangu ameniuliza mwisho wa haya makaseti ni wapi, nami sina jibu

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Nina miaka 37, baba wa watoto wawili, naishi Chumbageni hapa Tanga. Ni karani kwenye kampuni ya usafirishaji. Sinywi wala sivuti. Starehe yangu ni moja: nakusanya mashine za zamani za gemu pamoja na kaseti zake.

Ilianza jirani alipokuwa anahama. Alitaka kutupa PlayStation ya kwanza, ile ya kijivu, nikaiomba. Fundi akaigusa kidogo ikawaka. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kutafuta. Sasa nina PS1 mbili, PS2 tatu, Mega Drive moja, Game Boy mbili ambazo shemeji aliniletea kutoka Muscat, na zile TV game za kaseti za njano tulizocheza utotoni Ngamiani, ninazo nne. Kaseti zimejaa kabati la sebuleni, nyingine ziko chini ya kitanda, na maboksi mawili yako juu ya kabati la nguo. TV ya chogo ya inchi 21 imekaa kwenye kona ambayo Mama Rahma aliitaka kwa ajili ya cherehani yake.

Mke wangu si mkorofi. Tukikaa kucheza Battle City, ile ya vifaru, ananishinda. Lakini mwezi uliopita nilinunua Super Nintendo kwa mtu wa mtandaoni, imetoka Marekani na adapta yake, laki mbili na nusu. Nilipoichomeka ukutani tulisikia harufu ya kuungua, halafu kimya. Muuzaji hapokei simu. Mama Rahma hakugomba. Aliniuliza tu, "Baba Rahma, mwisho wa haya makaseti ni wapi?" Nikakosa la kusema, na mpaka leo sijampa jibu.

Sasa amejitokeza kijana wa Dar. Alikuja, akaviona, akaahidi kunipa 1,200,000 kwa vyote kwa mkupuo, na amenipa hadi mwisho wa mwezi nimjibu. Mke wangu anasema nichukue, Januari kuna ada. Kaka yangu anasema mtu mzima hachezi na midoli. Wenzangu wa mtandaoni nao wananiambia nisiuze kabisa, kwamba kuna kaseti ya Mario iliuzwa dola milioni 2, kwa hiyo hii ni akiba ya wanangu.

Niuze au nisiuze? Na kama sitauza, nimwambie nini mke wangu? Naomba pia unisaidie mambo mawili madogo. Joto na chumvi ya huku pwani vinaharibu vitu, PS1 moja imeanza kutu kwa ndani. Na Rahma ana kaseti ya Pokémon Gold kwenye Game Boy, kila akizima akiwasha anakuta hatua zake zote zimefutika, analia.

Baba Rahma, Tanga

JIBU

Marahaba, Baba Rahma.

Nitaanza na Super Nintendo, kwa sababu huenda haijafa, na usiifanye sababu ya kuuza vingine.

Umeme wa Marekani ni volti 120. Wetu ni 230. Adapta za miaka ile, vile visanduku vyeusi vizito, ndani vina transfoma ya kawaida ambayo haijui kujirekebisha. Yenyewe hugawa tu kile inachopewa. Imetengenezwa ipokee 120 na kutoa kama 10, sasa ukiipa 230 inatoa karibu mara mbili, inapata moto na kuungua. Harufu mliyoisikia kwa kawaida huwa ni ya adapta yenyewe. Ndani ya Super Nintendo kuna fyuzi ndogo ya ampea 1.5, imeandikwa F1 kwenye saketi, na baada yake kuna 7805, kidude cha miguu mitatu kinachoshusha umeme hadi volti 5. Mpeleke fundi apime hivyo viwili kwanza. Fyuzi ikiwa imekatika, imefanya kazi yake ya kuilinda mashine, na vipuri hivyo viwili ni vya bei ndogo. Mkatalie asiunge waya mahali pa fyuzi. Adapta ile itupe, utafute iliyotengenezwa kwa ajili ya Super Nintendo ya Marekani na iliyoandikwa INPUT 100–240V, maana tundu la umeme la mashine hiyo lina umbo lake peke yake. Ikiwaka na picha ikaja nyeusi na nyeupe, usirudi kwa fundi. Wenzetu wale wanatumia mfumo wa rangi wa NTSC, sisi PAL, na baadhi ya TV za chogo haziuelewi.

Kuanzia leo, hakuna kuchomeka kitu ukutani kabla ya kusoma maandishi ya chini yake. PS1 na PS2 zile nene zina umeme wake ndani, kwa hiyo iliyotoka Japani inataka volti 100 na itaungua hivyo hivyo. PS2 nyembamba nyingi zina adapta ya nje ambayo mara nyingi inapokea umeme wowote. Mega Drive nayo ina mtego wake: toleo la kwanza linataka hasi katikati ya plagi, la pili linataka chanya. Adapta zinafanana kwa macho, na watu wameua mashine nyingi kwa kubadilishana. Vya shemeji kutoka Muscat vina nafuu, kwa kuwa umeme wa kule unafanana na wetu, ila bidhaa za Ghuba hutoka kila upande wa dunia. Soma navyo.

Kuhusu dola milioni 2. Ni kweli, ilitokea Agosti 2021. Ilikuwa Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ikiwa bado ndani ya nailoni yake ya kiwandani, haijawahi kufunguliwa. Bei ile ililipiwa nailoni. Kaseti zako zimechezwa, zimeanguka, zimeandikwa majina ya watu kwa kalamu ya wino, na mimi nazipenda zaidi hivyo, lakini usimwambie mke wako kwamba hiyo ndiyo ada ya watoto. Hobi isiyoweza kujitetea mpaka iitwe biashara itakuletea ugomvi kila Januari. Mwambie ukweli: hii ni starehe yangu, ina gharama, na gharama yake tuipange pamoja.

Sasa swali lake. Mama Rahma hakukuuliza kwa hasira, na hakukuambia uache. Ameuliza mwisho uko wapi, na ni swali ambalo kila mkusanyaji anayefaa kuitwa hivyo lazima awe na jibu lake. Mtu anayenunua kila cha zamani kinachopita mbele yake hana mkusanyiko, ana mrundikano. Ukitazama orodha yako, Baba Rahma, nusu yake umeileta nyumbani kwa sababu ilikuwa rahisi au kwa sababu wengine mtandaoni wanayo. Super Nintendo ya Marekani uliicheza lini Ngamiani?

Lakini ndani ya orodha hiyo kuna kitu ambacho ningekusihi usikiachie kwa bei ya kijana yule: TV game nne na kaseti zake za njano.

Nintendo walitoa Famicom, mashine yao ya gemu za kaseti, Japani Julai 1983. Wengi wetu huku hatukuiona ile halisi hata siku moja. Kilichotufikia ni hizi TV game, mashine zilizoigwa bila idhini yao, zenye tundu lile lile la kaseti la pini 60, zikashika miaka ya tisini mitaani kwetu kuliko chochote kilichokuwa na leseni. Fungua kaseti moja ya njano uone. Hukuti chipu zenye majina kama za Nintendo. Utakuta kibao kidogo cha saketi na tone jeusi la gundi ngumu lililokauka juu yake, na chini ya tone hilo ndiyo gemu zote. Lebo inasema 9999 in 1. Ukihesabu kwa uaminifu ni gemu chache tu zinazojirudia, moja inaanzia hatua ya kwanza, nyingine ni ile ile inaanzia ya tano, imepewa jina jipya. Sisi tulizisoma zile orodha ukurasa kwa ukurasa tukitafuta mpya. Wewe unazijua kwa namba, sivyo? Mtoto wa Osaka au Chicago hazijui. Huo ni utoto wetu, na hakuna anayeutunza.

Vya wenzetu vina wa kuvitunza. Rochester, jimbo la New York, kuna The Strong, jumba la makumbusho ya michezo lenye maelfu ya gemu. Berlin wanalo la kwao tangu 1997, Sheffield kule Uingereza wanalo. Hata kaseti za Atari zilizofukiwa jalalani Alamogordo, New Mexico, mwaka 1983, zilifukuliwa 2014, na moja ikapelekwa kwenye jumba la taifa la Smithsonian. Kaseti ya jalalani! Na bado wanalia kwamba vinapotea: utafiti wa Video Game History Foundation, shirika la Marekani la kutunza historia ya gemu, wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni. Hizo ni zile zenye wenyewe, zilizoandikishwa na kutangazwa. Za kwetu hazikuwa na mwenyewe tangu siku ya kwanza. Hakuna kampuni itakayozirudisha, na mashine ikiisha kwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu basi.

Kwa hiyo jibu la Mama Rahma ni hili: mwisho wa haya makaseti ni kile kilichochezwa Tanga. TV game zote nne, za njano zote. PS1 moja, iliyo nzima zaidi. PS2 moja pamoja na diski za Winning Eleven, ile gemu ya mpira, zilizochomwa vibandani, zenye vikosi vilivyofanyiwa marekebisho na wenyewe, na memori kadi zake. Game Boy, kwa kuwa Rahma anazo na hazili nafasi. Vingine viuze. PS2 mbili, PS1 yenye kutu ukimwambia mnunuzi ukweli wa kutu hiyo, Super Nintendo ikishapona, na Mega Drive kama hukuwahi kuicheza kwa jirani yeyote. Hakuna gemu nyingine itakayoingia mlangoni bila kupita kwenye kipimo hicho. Shemeji akileta kizuri cha Muscat ambacho si cha mtaani kwenu, mshukuru, cheza nacho, kisha kiende kwa mwingine.

Kisha nunua daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ni kweli neno kwa neno. Kila mashine iandike: ilitoka kwa nani, mtaa gani, ilichezwa miaka gani, kaseti gani ilikuja nayo. Mtafute yule aliyekuwa anawachezesha kwa kulipa. Muulize alizipata wapi, alitoza kiasi gani, umeme ukikatika katikati ya gemu alirudisha hela au hakurudisha, na kama kwake aliyefungwa ndiye alitoka. Rekodi sauti yake kwenye simu. Piga picha lebo za kaseti mbele na nyuma, na ile picha ya orodha ya gemu kwenye TV. Mashine bila maneno hayo ni plastiki ya kichina iliyochakaa. Ikiwa nayo ni kumbukumbu ya mji. Na uwe mkweli daima kwamba hizi ni nakala zisizo halali za kazi za Nintendo, Namco, Konami na wengine. Usimuuzie mtu kwa jina la kitu halisi.

Kaka yako anayesema midoli mpe daftari hilo alisome. Na kwenye ukurasa wa kwanza mwandikie Rahma jina la Jerry Lawson, mhandisi Mweusi wa Marekani aliyeongoza timu iliyotengeneza Channel F ya kampuni ya Fairchild mwaka 1976. Ndiyo mashine ya kwanza ya nyumbani iliyotumia kaseti za kuchomoa na kubadilisha, zenye programu ndani yake. Kila kaseti iliyo kwenye kabati lenu inafuata njia ile. Watoto wetu wajue.

Nafasi. Mwachie mkeo kona yake ya cherehani, na umwachie wiki hii hii. Usisubiri mauzo. TV ya chogo lazima ubaki nayo moja, kwa sababu bunduki ya Duck Hunt, ile gemu ya kulenga bata, haifanyi kazi kwenye TV bapa. Inategemea namna chogo inavyochora picha mstari kwa mstari. Lakini inchi 21 ni zaidi ya mahitaji yako, na uzito wake si wa kuweka mahali ambapo mtoto anaweza kuivuta ikamwangukia. Tafuta ya inchi 14, watu wanazitoa bure. Usiifungue mwenyewe, hata ikiwa imezimwa na kuchomolewa, maana ndani hubaki umeme wa maelfu ya volti unaoweza kuua. Hilo ni la fundi TV mwenye uzoefu peke yake. Vyote vilivyobaki vitoshe kabati moja la sebuleni. Kikizidi, kimoja kitoke.

Pwani ni adui wa kweli wa vitu hivi. Viondoe chini ya kitanda, na usivigusishe na ukuta wa nje unaotoa unyevu. Tumia makontena ya plastiki yenye mfuniko unaobana, weka ndani vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu na mabegi, na uvibadilishe vikichoka. Kila mashine iwashwe mara kwa mara, joto lake linakausha ndani, na utajua mapema kinachoumwa. Usiache betri ndani ya Game Boy isiyotumika, zikivuja zinakula vyuma vya mawasiliano. Diski zikae wima kwenye kava zake, mbali na dirisha, hasa za kuchoma, ambazo huharibika upesi kuliko za kiwandani. Mende hupenda PlayStation kwa sababu ina vuguvugu, kwa hiyo makombo ya maandazi yasifike kwenye lile kabati.

Na kaseti isiposhika, tuache ile tabia yetu ya kuipuliza. Inaonekana kusaidia kwa sababu ukiichomoa na kuirudisha pini zinakaa upya. Mate ndiyo yanayobaki na kuleta kutu, na kwa hewa ya Tanga kutu haihitaji msaada. Fundi simu yeyote ana alkoholi ya isopropili, omba ya asilimia 90 au zaidi. Chovya pamba ya masikio, sugua meno ya kaseti taratibu mpaka pamba itoke safi, subiri ikauke. Msasa usithubutu, unakwangua utando wa juu wa hayo meno.

Nimalizie na machozi ya Rahma. Pokémon Gold huhifadhi hatua za mchezaji kwa betri ndogo ya kidonge iliyolehemewa ndani ya kaseti, na betri hiyo inaendesha pia saa ya mchezo, ndiyo maana imekwisha mapema kuliko za kaseti nyingine. Kaseti imetoka mwisho wa miaka ya tisini au mwanzo wa elfu mbili, betri imefikia umri wake. Fundi anatakiwa kuweka CR2025 yenye masikio ya kulehemu. Asilehemu moja kwa moja juu ya kidonge, kinaweza kupasuka. Kwa kuwa hatua zimeshafutika hakuna cha kupoteza, aanze upya na safari hii zitabaki. Akifungua kaseti, mwangalie ndani pamoja: ile halisi ina neno Nintendo kwenye saketi na hufungwa kwa skrubu ya kichwa cha pekee, isiyo ya nyota ya kawaida. Ikiwa ni bandia mwambie binti ukweli, acheze, lakini asitegemee sana uhifadhi wake.

Kijana wa Dar mpigie kabla ya mwisho wa mwezi. Mwambie kuna PS2 mbili, PS1 yenye kutu, labda na Mega Drive, taja bei ya kimoja kimoja, na TV game haziuzwi. Akikataa kununua kwa vipande, vitangaze hapo hapo Tanga, huenda wenye vibanda vya gemu bado wanatafuta PS2. Pesa yote ya mauzo hayo mpe Mama Rahma mkononi kwa ajili ya Januari, halafu kaeni mpange kiasi cha kila mwezi cha gemu, hata kama ni elfu kumi, na mwezi usipotosha, kiwe sifuri.